Ilani Mbili Zilizobaki Ofisini



Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 3 Februari 1959, katika jimbo la Iowa lililo katikati ya Marekani, ndege ndogo ya kukodi, yenye injini moja na viti vinne, iliruka kutoka kiwanja cha mji wa Mason City saa saba kasoro dakika tano, ikiwa na rubani na abiria watatu, na kabla haijatimiza maili sita ilianguka katika shamba la mahindi lililofunikwa na theluji, wakafa wote wanne papo hapo. Abiria wale walikuwa waimbaji waliotamba katika redio za siku zile: Buddy Holly wa Lubbock, Texas, mwenye miaka 22, J. P. Richardson, mtangazaji wa redio wa jimbo hilo hilo, ambaye jukwaani alijiita The Big Bopper, mwenye miaka 28. Na Ritchie Valens wa California, mwenye miaka 17 tu. Rubani aliitwa Roger Peterson, na umri wake ulikuwa miaka 21.

Kadhia hii imesimuliwa sana, walakini aghalabu imesimuliwa kwa upande wa muziki peke yake. Na tangu Don McLean alipotoa wimbo wake "American Pie" mwaka 1971, watu wengi huikumbuka siku ile kuwa ni siku ya msiba wa waimbaji watatu, na yule wa nne akabaki pembezoni, akitajwa pale tu anapotafutwa mtu wa kutwishwa lawama. Sikuja kuwasifu waimbaji, ingawa sifa wanastahiki, wala sikuja kumtetea rubani katika jambo ambalo ushahidi umemwelemea. Nimekuja kuzungumza juu ya ilani mbili za hali ya hewa, ambazo ziliandikwa, zikatolewa kwa wakati wake, na hazikumfikia mtu aliyezihitaji kuliko watu wote wa jimbo lile. Na rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha mbele yenu, ni kwamba habari ya hatari ni amana mikononi mwa anayeijua, na mwenye amana hawi ameitekeleza kwa kungoja mpaka aulizwe.

Huenda mtu akauliza sisi wa pwani hii, ambao theluji huiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro, na siku za mawingu hata hiyo hatuioni, tuna haja gani na theluji ya Iowa. Jawabu ni jepesi. Ndege ndogo za kukodi ndizo zinazotuvusha kwenda Mafia, Lamu na Unguja, na ndizo zinazotua katika viwanja vya udongo vya Serengeti na Maasai Mara, na rubani wake huanza siku kwa kuuliza habari za mawingu kama alivyouliza Peterson. Na mawingu ya kwetu hayana huruma zaidi ya yale: mwezi wa Mei 1955, ndege ya Dakota ya shirika la East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro, wakafa watu wote 20 waliokuwamo.

Safari ya waimbaji wale ilipangwa vibaya tangu mwanzo, na hilo halina budi kusemwa, kwa sababu ajali nyingi huanza mbali sana na mahali zinapotokea. Waandalizi waliipa jina la "Winter Dance Party", wakapanga maonyesho katika miji 24 kwa siku 24, kuanzia Milwaukee tarehe 23 Januari. Nayo miji ile haikufuatana kwa ukaribu, bali leo ni huku, kesho ni mamia ya maili kule, kesho kutwa ni kurudi ulikotoka, na yote hayo kwa basi, katika majimbo ya kaskazini, katika mwezi mkali kuliko yote ya mwaka. Mabasi yenyewe yalikuwa mabovu, na likiharibika moja huletwa jingine lisilo na nafuu. Mitambo ya kutia joto ndani ilikuwa haifanyi kazi. Usiku mmoja basi lilikwama njiani, wasafiri wakachoma magazeti katika ujia ulio kati ya viti ili wapate moto wa kuota, na mpiga ngoma wa Holly, Carl Bunch, akaumwa na baridi miguuni hata akalazwa hospitali. Richardson alishikwa na homa ya mafua. Nguo zao zilikuwa chafu, kwani hapakuwa na siku ya kufua. Mji wa Clear Lake, ulio jirani na Mason City, ambako waliimba usiku ule wa mwisho katika ukumbi uitwao Surf Ballroom, haukuwamo katika ratiba ya awali: uliongezwa baadaye ili kuziba siku iliyokuwa wazi, yaani siku ambayo wangaliweza kulala.

Onyesho la kesho yake lilikuwa Moorhead, katika jimbo la Minnesota, mji unaotazamana na Fargo kwa ng'ambo ya mto. Holly, alipochoshwa na basi, aliazimia kukodi ndege mpaka Fargo ili yeye na wenzake wawahi kufika, wafue nguo, walale kitandani. Bei ilikuwa dola 36 kwa kila abiria. Viti vya abiria vilikuwa vitatu, navyo vilikusudiwa yeye na wapigaji wake wawili, Waylon Jennings na Tommy Allsup. Jennings alimwachia Richardson kiti chake kwa kumhurumia mgonjwa. Allsup na Valens walirusha sarafu, na Valens akashinda. Kijana huyu, na hapa msimuliaji yeyote husita kidogo, alikuwa akiogopa ndege, kwa kuwa tarehe 31 Januari 1957 ndege mbili ziligongana angani juu ya mtaa wa kwao wa Pacoima, mabaki yake yakaangukia uwanja wa shule yake na kuua wanafunzi, ilhali yeye siku ile hakuhudhuria shule kwa sababu ya mazishi ya babu yake.

Sarafu ile imeandikwa kuliko jambo jingine lolote la usiku ule, na sababu yake naidhania kuwa ni hii: sarafu haina taksiri. Ikisemwa kwamba kufa na kupona kulitegemea upande ulioangukia juu, basi hakuna mtu wa kuulizwa. Lakini sarafu iliamua nani akae katika kiti; haikuamua kama ndege iruke ama isiruke. Uamuzi huo ulikuwa katika mikono ya watu watatu au wanne, nao walikuwa macho, na walikuwa na vitabu vyao vya taratibu mbele yao.

Tuwatazame watu hao. Ndege ilikuwa Beechcraft Bonanza iliyoundwa mwaka 1947, yenye mkia wa pande mbili uliochanua juu, chombo kizuri na chepesi, chenye mwendo kuliko ndege nyingi za ukubwa wake. Ilikuwa mali ya kampuni ya Dwyer Flying Service ya Mason City, na kampuni hiyo kwa cheti chake iliruhusiwa kuruka kwa macho tu, usiku na mchana, maana yake rubani lazima awe anaona nje, ardhi au upeo, na aiongoze ndege kwa kile anachokiona. Iko njia ya pili, ya kuruka kwa ala, ambayo rubani akiwa ndani ya wingu haangalii nje kabisa, bali husoma saa zilizo mbele yake na kuziamini kuliko anavyouamini mwili wake. Na njia hiyo ina leseni yake mbali. Peterson alikuwa ameruka saa 711 kwa jumla, na 128 kati ya hizo katika Bonanza. Alikuwa amejifunza kuruka kwa ala, akafaulu mtihani wa kuandika, lakini alipojaribiwa angani mwezi wa Machi 1958 alishindwa. Alikuwa ameoa miezi michache tu kabla ya usiku ule, na siku ile yenyewe alikwisha kushinda kazini.

Hata hivyo hakuwa mzembe wa kuuliza, na hili nawaomba mlishike, kwa kuwa wengi wanaomlaumu hawalitaji. Saa kumi na moja na nusu jioni alikwenda ofisi ya mawasiliano iliyo kiwanjani, ambayo kazi yake ilikuwa kuwapa marubani habari za hewa, akaambiwa kwamba vituo vyote vya njiani vinaripoti kimo cha mawingu kisichopungua futi 5,000 na umbali wa kuona wa maili 10 au zaidi. Na kwamba huko Fargo huenda yakawapo manyunyu ya theluji baada ya saa nane usiku, na ukingo wa hewa baridi ungepita yapata saa kumi alfajiri. Usiku aliuliza tena kwa simu, akaambiwa kwamba ukingo ule sasa unatazamiwa kupita Fargo saa nane, yaani saa mbili kabla ya wakati uliokisiwa jioni. Saa sita kasoro dakika tano akaenda tena kwa miguu yake, safari hii pamoja na mwenye kampuni, Dwyer, wakasomewa tarakimu za karibuni za vituo. Kisha abiria walipokwisha kupanda, na ndege ikijisogeza kwenda mwanzo wa njia ya kurukia, akauliza mara nyingine kwa redio, akajibiwa kwamba hapo hapo Mason City kimo cha mawingu sasa ni futi 3,000, anga imefunikwa, umbali wa kuona ni maili 6, theluji nyepesi inaanguka, na upepo wa kusini unavuma noti 20 na kupanda mpaka 30.

Tarakimu hizo kwa sheria zilimruhusu kuruka. Mtu mwenye uzoefu angeona ndani yake mwendo zaidi kuliko hesabu: jioni mawingu futi 5,000 na zaidi, sasa 3,000, jioni maili 10, sasa 6, ukingo wa baridi unaharakisha, na mgandamizo wa hewa unashuka. Peterson hakuona, au aliona akatumai atauwahi. Hapo ndipo penye kosa lake, wala silipunguzi.

Sasa njooni tuzitazame ilani. Ya kwanza ilitolewa na ofisi ya hali ya hewa ya Minneapolis saa tano na dakika 35 usiku. Ilisema kwamba utepe wa theluji wenye upana wa maili 100 hivi umetanda kuanzia kaskazini-magharibi kabisa mwa Minnesota, ukapita North Dakota mpaka South Dakota, na ndani yake umbali wa kuona kwa jumla uko chini ya maili 2. Kwamba unakwenda upande wa kusini-mashariki kwa mwendo wa noti 25. Na kwamba nyuma ya ukingo wa baridi pepo zinafika noti 45. Sasa chukueni ramani. Mtu anayetoka Mason City kwenda Fargo huelekea kaskazini-magharibi. Utepe ule ulikuwa unamjia usoni. Ilani ya pili ilitolewa Kansas City saa sita na robo, dakika 40 kabla ya ndege kuruka, nayo ilionya juu ya barafu kuganda katika ndege ndani ya mawingu, na miongoni mwa maeneo iliyoyataja ilikuwamo sehemu kubwa ya Iowa.

Hesabuni dakika. Ilani ya Minneapolis ilikwisha kutolewa dakika 20 kabla Peterson na Dwyer hawajaingia ofisini mara ya mwisho. Walikuja, wakauliza, wakasomewa hali ya vituo, wakaondoka. Wachunguzi walipowauliza baadaye wahudumu wa ofisi ile, hapana aliyeweza kukumbuka kuwa alimwonyesha rubani ilani zile. Naye Dwyer alishuhudia kwamba hawakuambiwa lolote la kuwafahamisha kuwa njiani watakutana na hewa ya kurukiwa kwa ala. Sidhani kama palikuwa na ubaya wa moyo. Naona kitu cha kawaida zaidi, na kwa hivyo cha kuogofya zaidi: mtu wa ofisi aliyejibu swali kama lilivyoulizwa. Kaulizwa vituo, kataja vituo. Ilani haikuwa kituo, haikuulizwa, haikutajwa. Wengi wetu tuliowahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi yoyote tunaijua tabia hiyo, na aghalabu hasara yake ni kurudi kesho na hati iliyosahauliwa.

Ndege iliruka kuelekea kusini, ikageuka kushoto, ikapanda kiasi cha futi 800, ikapita mashariki ya kiwanja na kushika njia ya kaskazini-magharibi. Dwyer alikuwa amesimama nje ya mnara wa kuongozea ndege akiitazama taa nyeupe ya mkiani, akaiona inakwenda vyema, halafu akaiona inashuka polepole, ikashuka mpaka ikapotea machoni, kiasi cha maili tano kutoka alipo. Peterson alikuwa ameahidi kutoa mpango wa safari yake kwa redio mara atakapokuwa angani. Hakuita. Dwyer akamwomba mhudumu wa redio amwite, akaitwa mara kwa mara, na jibu halikuja.

Nini kilitokea katika dakika zile chache? Mbele yake palikuwa na mashamba ya theluji, nyumba za wakulima zilizozimwa taa, na anga isiyo na nyota: chini peupe, juu pamefungwa, na kati yake hakuna mstari wowote ambao jicho lingeukamata. Hapo mwanadamu hurudi kwenye sikio. Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji, nayo ndiyo hutuarifu tunapogeuka. Na majimaji hayo hufanya kama maji ya ndani ya dafu, ambayo dafu likianza kuzungushwa hubaki nyuma, likiendelea kuzungushwa huzunguka nalo sawasawa, na likisimamishwa ghafla huendelea kwa muda kuzunguka peke yake. Kwa hivyo rubani asiyeona nje, ndege yake ikianza kulala upande mmoja kwa utaratibu, baada ya muda mfupi hahisi tena kwamba imelala. Na akiiinua ikae sawa, mwili wake humwambia kuwa sasa ndiyo imelala upande wa pili, naye hurudisha bawa chini ili ajihisi yuko sawa. Tena mwendo ukiongezeka, mwili hukandamizwa nyuma ya kiti, na hisia hiyo akili huitafsiri kuwa ni kupanda. Bawa limelala, pua inashuka, mwendo unazidi, na aliye ndani ana yakini kwamba anapaa.

Jambo hili halikuwa siri mwaka 1959. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 20 wasiojua kuruka kwa ala, wakawaziba wasione nje huku mwalimu yuko kando, wakawaachia usukani. Wote 20 walishindwa kuishika ndege. Wa kwanza katika sekunde 20, aliyestahimili kuliko wote akafika dakika 8, na wastani wao ulikuwa sekunde 178. Na ndege waliyoichagua kwa jaribio lile ilikuwa Bonanza.

Dawa ya uongo wa sikio ni ala, na hapa kadhia inaingia katika jambo ambalo, kila nilisomapo, hunitia uchungu zaidi kuliko sarafu. Ndege nyingi ndogo za wakati ule zilikuwa na ala ya upeo wa bandia, yenye kindege kidogo na mstari, ambayo kuisoma ni sawa na kuitazama ndege yako kutoka nyuma: pua ikipanda, kindege huwa juu ya mstari. Bonanza ile haikuwa nayo. Ilikuwa na ala ya aina nyingine, Sperry F3, ambayo badala ya mstari ina tufe linaloelea nyuma ya kindege, na habari ya pua kupanda au kushuka huionyesha kinyume kabisa cha ile ya kwanza. Fikirini basi: kijana aliyejifunzia ala moja, ambaye hata hiyo hakufaulu nayo, ameingia katika giza la theluji ambalo hakujua kuwa limo njiani, upepo unamtikisa hata mishale ya saa haitulii, naye anaangalia tufe ambamo kushuka kwaweza kumwonekea kuwa kupanda. Ndege ilikuwa na mtambo wa kujiongoza yenyewe pia, lakini haukuwa ukifanya kazi.

Ardhi iliyahifadhi yote kwa uaminifu. Mshale wa mwendo ulikutwa umekwama kati ya maili 165 na 170 kwa saa. Ule wa kupanda na kushuka ulionyesha kushuka kwa futi 3,000 kila dakika. Na ala ya Sperry ilisimama ikionyesha ndege imelala kulia nyuzi 90, pua chini. Bawa la kulia ndilo lililotangulia kugusa theluji, na mabaki yakaburuzika futi 540 hata yakakomea kwenye uzio wa waya. Injini ilikuwa inavuta mpaka mwisho. Uvumi uliokuja baadaye, kwamba palikuwa na risasi kwa kuwa bastola ya Holly iliokotwa shambani, ulikomeshwa mwaka 2007, mwili wa Richardson ulipofukuliwa kwa ombi la mwanawe na kuchunguzwa na mtaalamu wa mifupa, Bill Bass, asione dalili yoyote ya risasi, ila mivunjiko ya mtu aliyekufa palepale.

Mabaki yalilala pale usiku kucha. Asubuhi, Dwyer aliposikia kwamba Fargo hawakuiona ndege, alipanda nyingine mwenyewe, akafuata njia ile ile, na saa tatu na dakika 35 akaiona chini yake. Na kuanzia hapo habari, ambayo usiku ilikuwa nzito hata isivuke meza moja, ikapata mbawa. Mjane wa Holly, ambaye walikuwa wameoana mwaka uliotangulia, naye akiwa mja mzito, aliipata kwa matangazo kabla hajaendewa na mtu wa kumshika mkono, na mimba ikaharibika. Jioni ile ile onyesho la Moorhead halikufutwa. Akatafutwa kijana wa Fargo wa kujaza nafasi, Bobby Vee, mwenye miaka 15, na ratiba ikaendelea kwa majuma mawili mengine. Nimesikia wanaolitetea jambo hilo kwa kusema tiketi zilikwisha kuuzwa. Mimi naliona ni aibu, wala sioni haja ya kulifunika kwa maneno laini.

Ripoti ya Baraza la Usafiri wa Anga la Marekani ilitoka mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Sababu iliyowekwa mbele ni uamuzi wa rubani kuanza safari ambayo ingemlazimu kutegemea ala wakati hakuwa na leseni wala ustadi wake. Na yaliyochangia ni mawili, upungufu mkubwa katika maelezo ya hali ya hewa aliyopewa, na kutoizoea kwake ala iliyotumika kuonyesha mlalo wa ndege. Kwa hati ya serikali ni ripoti ya haki, na ushujaa wake ni kuitaja ofisi iliyokuwa chini ya serikali hiyo hiyo. Ninachobishana nacho ni mpangilio wake. Kuitwa "uamuzi", tendo huhitaji kwamba mtendaji amewekewa mbele yake yale yanayoamuliwa. Peterson aliamua juu ya hewa ya futi 5,000, kisha juu ya hewa ya futi 3,000. Juu ya utepe wa maili 100 unaomjia usoni hakuamua kitu, kwa kuwa hakuujua. Mtu akisema kwamba angeruka hata hivyo, kwa ujana wake na kwa heshima ya abiria aliowachukua, naweza kukubali kwamba yamkini ni kweli. Lakini dhana ya kwamba mtu angelipuuza onyo haimpunguzii wajibu aliyekuwa nalo asilitoe.

Na mtu akisema, kama nilivyowahi kuambiwa na rafiki yangu aliye rubani, kwamba ni juu ya rubani kuuliza "je, kuna ilani?", nitamjibu kwamba ndiyo, ni juu yake, na ni vema kila rubani afundishwe hivyo mpaka swali liwe sehemu ya pumzi zake. Lakini taratibu inayotegemea kwamba mjinga wa jambo ajue jina la jambo ndipo alipewe imejengwa kwa ajili ya raha ya ofisi.

Mwaka 2015 rubani mmoja mstaafu aliiomba Bodi ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilifungue upya shauri hili, na bodi baada ya kulitazama ilikataa. Nadhani ilifanya sawa, maana ala zile zilizokwama na alama zile za shambani hazitabadilika kwa kusomwa tena. Kama shauri lingefunguliwa, nisingeomba ndege ipimwe upya. Ningeomba daftari la ofisi ya mawasiliano ya Mason City liletwe mezani, nisome ni saa ngapi na dakika ngapi ilani ya Minneapolis ilipoingia chumbani, ni nani aliyeipokea, ikawekwa wapi, na yule aliyeipokea alikuwa amesimama upande gani wa meza Peterson na Dwyer walipoingia saa sita kasoro dakika tano.